Simu, Sheria na Swali Gumu: Funzo Kutoka Kenya

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo sisi majirani hatuna budi kuisoma kwa makini. Jaji Lawrence Mugambi alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Kabla ya hapo, aliyenusurika angeweza kutoka wodini na kupelekwa mahabusu.

Kifungu hicho hakikuzaliwa Afrika Mashariki. Kilitokana na sheria ya kale ya Uingereza, nacho kikaandikwa katika sheria za makoloni yake. Uingereza yenyewe ililifuta kosa hilo mwaka 1961. Miaka miwili baadaye Kenya ilipata uhuru ikiwa bado imelibeba. Mwenye vazi alilivua. Aliyevishwa akabaki nalo.

Hata kabla ya sheria kufutwa, wako Waingereza waliotafuta njia nyingine. Mwaka 1935, kasisi Chad Varah alimzika msichana mdogo aliyejiua. Msichana huyo alipoanza hedhi alidhani ameambukizwa ugonjwa wa zinaa, wala hakuwa na mtu wa kumuuliza. Varah hakumsahau. Mwezi Novemba 1953, katika kanisa la St Stephen Walbrook jijini London, alianzisha huduma ya simu kwa watu waliokata tamaa. Baadaye huduma hiyo ikajulikana kwa jina la Wasamaria. Upesi alitambua kwamba wengi walihitaji kusikilizwa kuliko kuhubiriwa, hivyo kazi ya kusikiliza akaikabidhi kwa watu wa kujitolea.

Leo wataalamu wa afya ya akili huwahudumia watu kwa simu na kwa video. Kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa msikilizaji hawezi kumshika mgonjwa mkono wala kumfungia mlango. Kwa hiyo huanza na mambo ya msingi: uko wapi sasa, nikupigie namba gani simu ikikatika, na nani yuko karibu nawe? Kisha huuliza waziwazi: "Je, unawaza kujiua?" Akijibiwa ndiyo, huendelea kwa utulivu: Umepanga lini na kwa njia gani? Kitu cha kujidhuru unacho karibu? Uliwahi kujaribu? Ni nini kinachokufanya uendelee kuishi? Majibu humwonyesha kama panatosha mpango wa usalama na miadi ya karibu, au kama msaada upelekwe hapo alipo mara moja.

Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo baya. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Mara nyingi swali humpa nafuu aliyekuwa amebeba siri peke yake. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Hapa ndipo sheria na simu zinapokutana. Msikilizaji anapouliza, "Uliwahi kujaribu?", anaomba ukweli. Pale ambapo kujaribu ni jinai, jibu la kweli ni kama kukiri kosa. Mtu mwenye hofu hiyo atasema, "Hapana," na tathmini nzima itajengwa juu ya uongo. Mahakama ya Kenya iliona kwamba kifungu kile kiliwabagua watu kwa sababu ya afya yao, kiliwavunjia utu, na kiliwazuia kutafuta matibabu.

Tanzania nayo ilirithi kosa hilo hilo katika Kanuni yake ya Adhabu. Raia anayeijua sheria ya nchi yake ana haki ya kuuliza kama bado inafaa.

Wewe unayejifunza Kiswahili, jifunze pia kulitamka swali lile bila kunong'ona na bila kuhukumu. Rafiki akikujibu ndiyo, usimwache peke yake. Kaa naye, msikilize, kisha mfikishe kwa mtaalamu.