Gitaa la Besi: Kazi ya Fundi na Biashara ya Ukongwe

Historia ya muziki wa dansi inaposimuliwa, aghalabu hutajwa kwanza waimbaji na watunzi, na baada yao wapiga solo. Vyombo vyenyewe huachwa nyuma, kana kwamba vilijileta ukumbini. Na katika vyombo hivyo hakuna kinachosahauliwa upesi kama gitaa la besi, ingawa ndilo linaloonyesha mguu wa mchezaji mahali pa kukanyaga. Insha hii yakusudia kueleza asili ya chombo hicho, jinsi kilivyogeuka kuwa bidhaa ya kale inayouzwa kwa fedha nyingi katika nchi za Magharibi, na mgongano uliozaliwa humo. Maana chombo hiki kilibuniwa makusudi ili kitengenezeke kwa urahisi. Leo hii kukitengeneza ndiko kunakokishusha thamani.

Kabla ya hapo sauti nene ya bendi ilitolewa na besi kubwa ya kusimama, ndugu wa fidla, yenye urefu unaompita mpigaji. Ilikuwa taabu kuisafirisha, na mbele ya tarumbeta na magitaa ya umeme ilimezwa kabisa. Tena shingo yake haikuwa na vizuizi vya chuma vya kuonyesha mahali pa sauti, hivyo mpigaji alitegemea sikio na mazoea. Katika miaka ya 1930, huko Seattle nchini Marekani, Paul Tutmarc alitengeneza besi ndogo ya umeme yenye vizuizi hivyo, ikauzwa kwa jina la Audiovox. Wazo lilikuwa jema, lakini halikupata soko, nalo likalala.

Aliyeliamsha hakuwa mpiga gitaa. Leo Fender, aliyezaliwa California mwaka 1909, alisomea uhasibu, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Wanamuziki walimletea amplifaya zilizoungua na vipaza sauti vilivyopasuka, naye akaujua muziki kwa kupitia kasoro za vyombo vya watu. Jambo hili halina budi kusisitizwa, kwa kuwa ndilo linaloeleza umbo la kazi yake yote. Fundi wa redio anajua kwamba kila kitu kitaharibika siku moja. Swali lake ni kama bisibisi itafika.

Mwishoni mwa mwaka 1951 Fender alitoa gitaa la besi aliloliita Precision, kwa maana kwamba vizuizi vyake vilimhakikishia mpigaji sauti iliyo sahihi. Lilikuwa na nyuzi nne, zikisikika chini ya zile nne nene za gitaa la kawaida kwa oktava moja, na urefu wa uzi unaotikisika ulikuwa inchi 34. Tumbo lake halikuwa na uwazi. Lilikuwa ubao mzito uliokatwa kwa mashine. Shingo haikugandishwa kwa gundi kama walivyofanya mafundi wa fidla kwa karne nyingi, bali ilibanwa kwa skrubu nne. Shingo ikipinda, ilifunguliwa na nyingine ikafungwa kabla ya dansi la jioni. Mwaka 1952 ikafuata amplifaya ya kulibeba, iliyoitwa Bassman. Mwaka 1957 kinasa, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, kiligawanywa vipande viwili ili kuondoa mngurumo wa umeme. Mwaka 1960 ikatoka Jazz Bass, yenye vinasa viwili na shingo iliyo nyembamba zaidi kuelekea kichwani.

Januari 1965 kampuni hiyo iliuzwa kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Mwaka huo umekuwa mpaka katika vichwa vya wafanyabiashara hadi leo. Katika miaka ya 1970 wapigaji wengi walianza kulalamika kwamba magitaa mapya yalikuwa mazito na maungio yake yamelegea, nao wakayageukia yale ya zamani. CBS wenyewe waliiuza kampuni mwaka 1985 kwa kundi la wafanyakazi wake, lakini mtindo wa kutafuta ya kale ulikuwa umekwisha kota mizizi. Kwa maoni yangu mpaka huo umetiwa chumvi. Si kila gitaa lililotengenezwa kabla ya 1965 ni zuri, wala si kila lililofuata ni baya. Mbao hazikuijua tarehe ya mkataba. Hata hivyo soko halifuati masikio peke yake.

Hebu tutazame jinsi mnunuzi mjuzi anavyolichunguza gitaa la namna hiyo. Kwanza hufungua zile skrubu nne, kwa kuwa kwenye kisigino cha shingo, mahali panapofichwa na tumbo, wafanyakazi wa kiwandani waliandika au kugonga tarehe. Kisha hufungua kifuniko na kusoma tarakimu zilizogongwa kwenye vidhibiti vya sauti: za mwanzo humtaja mtengenezaji wa kifaa, na zinazofuata hutaja mwaka na wiki. Kidhibiti chaweza kuwa na umri mkubwa kuliko gitaa, kwa kuwa kilikaa stoo; kikiwa kichanga kuliko gitaa, basi kimebadilishwa. Huangalia pia matone ya risasi ya kulehemu, kama yangali yanang'aa kwa mkono mmoja au yameguswa na wa pili. Nambari ya bamba la nyuma haitoshi kuwa ushahidi, kwani bamba nalo limefungwa kwa skrubu.

Hapa ndipo mgongano unapoonekana waziwazi. Kwa sababu kila kipande chaweza kutoka, magitaa mengi ya kale ni mchanganyiko wa vipande. Yako yaliyobadilishwa shingo na mpigaji mwaminifu aliyetaka kuendelea na kazi. Yako pia yaliyounganishwa na mlaghai kwa mabaki ya magitaa matatu, yakauzwa kama moja. Kwa macho hayatofautiani. Yule wa kwanza alifanya hasa alichokusudia Fender, lakini sokoni anahesabiwa karibu sawa na yule wa pili.

Rangi nayo ina kisa chake. Vanishi ya zamani, iliyotengenezwa kwa nitroselulosi, hugeuka manjano, hupasuka nyufa ndogondogo, na huliwa na jasho la mkono mpaka ubao ukaonekana. Katika miaka ya 1970 ilikuwa fahari kuikwangua yote ili mbao zionekane, na wengine walipaka rangi mpya kwa nia njema kabisa. Leo gitaa lililopakwa upya mara nyingi hupoteza karibu nusu ya bei, hata kama fundi alikuwa hodari. Kwa hiyo mwenye gitaa lililochubuka huambiwa asiliguse. Ajabu zaidi, viko viwanda vinavyochubua magitaa mapya makusudi ili yafanane na yaliyozeeka kwa kazi.

Mafundi waangalifu wamejiwekea utaratibu ambao naona ni wa busara. Vitu vinavyolika kwa asili yake, kama vile nyuzi na vizuizi vya chuma, hubadilishwa bila majuto, kama mtu anavyobadilisha tairi. Lakini kila kipande kinachotolewa, hata skrubu iliyoshika kutu, hutiwa katika mfuko na kukabidhiwa kwa mwenye gitaa, ili atakayekuja baadaye aweze kurudi nyuma. Kwenye amplifaya hawana hiari hiyo. Kapasita za zamani hukauka ndani, na amplifaya za valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa zikiwaka katika redio za wazee wetu, hubeba volti mamia kadhaa. Mashine kama Ampeg SVT ya mwaka 1969, yenye nguvu ya wati 300, ikiachwa na kapasita za tangu kiwandani kwa ajili ya heshima ya ukongwe, ni hatari kwa anayeiwasha. Usalama wa mpigaji lazima utangulie usafi wa historia.

Wako wapigaji ambao maisha yao yamefungamana na chombo kimoja. James Jamerson, aliyeijenga sauti ya studio za Motown mjini Detroit, alipiga Precision ya mwaka 1962 kwa kidole kimoja cha shahada, na inasifika kwamba hakubadilisha nyuzi mpaka zikatike. Gitaa hilo liliibwa siku chache kabla ya kifo chake mwaka 1983, wala halijaonekana. Jaco Pastorius yeye alichukua Jazz Bass ya mwaka 1962, akaondoa vizuizi vyote vya chuma, akaziba mianya, kisha akapaka juu ya shingo gundi ngumu inayotumiwa na mafundi wa mashua. Kwa mizani ya soko la leo alikuwa ameliharibu gitaa. Kwa mizani ya muziki alikuwa amelipa sauti ambayo haikuwapo. Baadaye lilivunjika vipande vipande, likaunganishwa upya na mafundi, na mwaka 1986 likaibwa katika bustani moja mjini New York. Lilipozuka tena dukani miaka ishirini baadaye, kilichothibitisha kwamba ndilo ni zile alama za kuvunjika na kuungwa. Matengenezo ndiyo yaliyokuwa hati yake.

Biashara hii inatugusa sisi pia, na kwanza kwa njia ya msituni. Tangu mwaka 1959 Fender walitumia kwa uso wa shingo mbao za mti wa Brazili uitwao kitaalamu Dalbergia nigra, ambao ni wa jenasi moja na mpingo wetu. Mti huo uliwekewa marufuku kali ya biashara ya kimataifa mwaka 1992. Mwaka 2017 jenasi yote ikawekwa chini ya udhibiti, pamoja na mpingo unaotoka kusini mwa Tanzania kwenda kuwa klarineti na obo za Ulaya. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa katika masharti hayo, isipokuwa vile vyenye mbao za Brazili. Hivyo besi ya mwaka 1962 haivuki mpaka leo bila karatasi zake.

Njia ya pili ni ya ukumbini. Bendi zetu za dansi zilipiga magitaa ya umeme ya solo, ridhimu na besi, lakini mpigaji kwa kawaida hakuwa mwenye gitaa. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mshahara. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikahamia kwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam mwaka 1983. Penye mfanyabiashara, yeye ndiye mwenye vyombo; hata jina la Matimila, bendi aliyoiongoza Remmy Ongala, lilitokana na mwenye vyombo. Mwanamuziki alipohama, alihama na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki, likapokewa na mwingine, na bendi ilipokufa likaenda pasipojulikana.

Juu ya hayo, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na nyuzi na valvu hazikuwa bidhaa za kutangulizwa. Kuchemsha nyuzi za besi ili kuzitoa uchafu na kuzirudishia mlio ni ujuzi wa wapigaji wa dunia nzima. Kwa mwenye shida huwa ndio njia pekee. Kipande kilichoharibika hakikuwekwa katika mfuko. Kilitafutiwa kazi nyingine. Kwa jinsi hiyo vyombo hivyo vilitumika kama Fender alivyotaka, mpaka mwisho, na ndiyo sababu leo ni haba kuvikuta. Kilichobaki ni sauti yake katika kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam.

Kwa hiyo besi kuukuu ikipatikana leo katika stoo ya ukumbi au uvunguni kwa mzee aliyestaafu dansi, kazi ya kwanza isiwe kuipaka rangi wala kuitafutia mnunuzi. Zifunguliwe skrubu nne, kisomwe kilichoandikwa kwenye kisigino cha shingo, kinakiliwe. Kisha aulizwe yule mzee ni nani waliolipiga gitaa hilo kabla yake, katika bendi ipi, na ni fundi gani aliyeliunga lilipovunjika.