Kixhosa na Kilao: Herufi tatu zilizopewa kazi na moja iliyofutwa

MSOMAJI mmoja anayependa kujifunza lugha ameniuliza ipi ngumu zaidi kati ya Kixhosa cha Afrika Kusini na Kilao cha Laos. Swali hili lina mtego, kwa sababu ugumu wa lugha hutegemea mtu anatoka lugha gani. Mswahili akisikia maneno ya Kixhosa kama abantu, inyama, inyoka na ukufa atajiona yuko kwa binamu zake. Hata ngeli atazikuta: abantu ababini ni watu wawili. Kwa Kilao ataanza na alifu kwa kijiti, kwani lugha hiyo haina ukoo wowote na za Kibantu. Watu wawili ni khon song khon, yaani ‘mtu wawili mtu’, na hakuna kiambishi chochote kinachobadilika.

Binafsi ningependa tulinganishe jambo jingine: jinsi sauti za lugha hizi zilivyoingizwa katika maandishi, na ni nani aliyekata shauri.

Tuanze na Kixhosa. Sifa yake kuu ni vidoko, zile sauti za kufyonza ulimi ambazo sisi huzitumia kusikitika au kuhimiza punda. Kixhosa hakikuzaliwa nazo. Wataalamu wanakubaliana kwamba zilitokana na Wakhoekhoe na Wasani, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, waliooana na kuishi na Waxhosa kwa karne nyingi. Baadhi yao huongeza kwamba desturi ya hlonipha ilichangia. Mke aliyeolewa hakuruhusiwa kutamka silabi zilizomo katika jina la baba mkwe, kwa hivyo alilazimika kubuni au kuazima maneno mengine, na sauti ngeni zilikuwa njia rahisi ya kuficha zile zilizokatazwa. Ikiwa ni kweli, basi sehemu ya utajiri wa lugha hiyo ilitengenezwa jikoni na wanawake. Mimi naona hoja hii ina mashiko. (Tusidhani pia kwamba vidoko ni vya kusini pekee. Wahadza na Wasandawe wa Tanzania wanavyo, na hata hapa kwetu Wadahalo, karibu na Lamu na Mto Tana, wanavyo.)

Mwaka 1823 wamisionari Waskoti walifikisha mtambo mdogo wa kuchapisha katika bonde la Tyhume. Mmoja wao, John Bennie, ndiye anayekumbukwa sana kwa kazi ya kuipa lugha hiyo tahajia. Wangeweza kubuni alama mpya za vidoko. Badala yake zikachukuliwa herufi ambazo hazikuwa na kazi. K na s zinatosha kuandika karibu kila sauti ambayo Waingereza huandika kwa c, q au x, kwa hivyo hizo tatu zilikuwa zimekaa bure, kama q na x zinavyokaa bure katika Kiswahili. C ikawa kidoko cha meno, q cha juu kinywani, x cha ubavuni mwa ulimi. Ukiongeza h, g au n unapata jamii nzima: ch, gc, nc na kadhalika. Ndiyo maana mji uliojulikana kama Port Elizabeth, ulipobadilishiwa jina mwaka 2021, ukawa Gqeberha bila mtu kuhitaji herufi mpya kwenye kibodi.

Lakini tahajia hiyo iliacha kitu nje. Kixhosa ni lugha ya toni, na toni haziandikwi. Ithanga ni paja, ithanga pia ni boga. Sauti inapanda au kushuka, maandishi yanabaki yale yale. Wasomaji wa Kikuyu wanalijua tatizo hili vizuri. Msomaji mzawa hatatiziki, muktadha unamwongoza. Mgeni ndiye anayeumia.

Kilao kina hadithi nyingine kabisa. Hati yake ilikuwepo karne nyingi kabla ya Mfaransa kushika utawala mwaka 1893. Ilikua katika enzi ya ufalme wa Lan Xang, ulioasisiwa na Fa Ngum mwaka 1353, na kando yake kulikuwa na hati nyingine, Tham, ya vitabu vya dini ya Kibudha vilivyoandikwa kwenye majani ya mitende. Hati ya Kilao huonyesha toni, ila kwa njia ya kuzunguka. Konsonanti zimegawanywa katika makundi matatu, na toni hujulikana kutokana na kundi, urefu wa irabu na alama iliyowekwa juu. Maa ni kuja, maa ni mbwa, maa ni farasi, na kila moja lina toni yake na tahajia yake. Neno la mbwa huandikwa kwa h iliyounganishwa na m. H hiyo haitamkwi. Zamani ilitamkwa, ilipotoweka, iliacha toni mahali pake.

Kwa hivyo hati hiyo imehifadhi historia, na ugomvi ukaanzia hapo. Miaka ya 1930 msomi Maha Sila Viravong alipendekeza herufi ziongezwe ili maneno yaliyotoka Kipali na Kisanskriti yaonyeshe asili yake, kama ilivyo katika Kithai. Wapinzani wake walitaka neno liandikwe linavyotamkwa, na ndio walioshinda. Wakomunisti walienda mbali zaidi. Phoumi Vongvichit, mmoja wa viongozi wao, alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1967, na baada ya ufalme kuangushwa mwaka 1975 herufi ya r ikaondolewa katika alfabeti.

Kiisimu walikuwa na hoja. Katika maneno ya asili Kilao kilishaipoteza r: Mthai husema rak kwa kupenda, Mlao husema hak. Lakini r ilikuwa imebaki katika majina ya watu na maneno ya dini na ya kifalme, na kuiondoa kulikuwa pia njia ya kujitenga na jirani mkubwa Thailand, ambako wasemaji wa Kilao ni wengi kuliko waliomo Laos kwenyewe. Hapo mimi sioni isimu tena. Mtu huamka asubuhi moja akakuta jina la babu yake limebadilishwa tahajia.

Hatimaye herufi hiyo ilirudi, hasa kuandikia majina ya kigeni. Hata hivyo kisirani hakikuisha. Mfumo wa Unicode, unaoziwezesha kompyuta kuandika hati za dunia, ulipoorodhesha herufi za Kilao ulibadilishana majina ya l na r. R ikapewa jina ‘lo ling’, yaani l ya nyani, na kwa kuwa kanuni za mfumo huo haziruhusu jina kubadilishwa likishasajiliwa, bado inaitwa hivyo.