Tarehe ya Chujio la Barua Taka

Asili ya kazi ya kuchuja barua taka ni kero. Mei 3, 1978, Gary Thuerk, mtu wa mauzo katika kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwatumia watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo moja la mashine mpya, wote kwa mpigo. Alikemewa, na kwa miaka mingi mambo yakaishia hapo. Aprili 1994 Canter na Siegel, mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, wakamwaga tangazo la huduma zao kuhusu bahati nasibu ya kadi ya kijani ya Marekani katika maelfu ya vikundi vya mazungumzo vya Usenet. Hao walikemewa pia, ila hawakuona haya. Waliandika hadi kitabu cha kuwafundisha wengine. Tangu hapo kero ikawa biashara.

Kinga mojawapo ya mapema ilikuwa orodha. Mwaka 1997 Paul Vixie alianzisha orodha nyeusi ya anwani za seva, MAPS RBL. Seva ikishaingizwa humo, barua zake zinagomewa mlangoni na kila anayeiamini orodha hiyo. Mwaka uliofuata Steve Linford akaanzisha Spamhaus, ambayo ipo mpaka leo. Wakati huohuo walikuwapo waliotaka kuifungua barua na kuitazama ndani. Mark Jeftovic alikuwa na programu ndogo ya Perl, filter.plx, aliyoianza Agosti 1997. Justin Mason, mwandishi wa programu kutoka Ireland, aliitumia, akaitia viraka, mwishowe akaiandika upya tangu mstari wa kwanza. Aprili 20, 2001 akaipakia kwenye tovuti ya SourceForge kwa jina la SpamAssassin. Ilikuwa programu huria: atakaye achukue, asome, abadili, agawe.

Namna inavyofanya kazi haijabadilika sana. Barua ikifika kwenye seva hupitishwa mbele ya mamia ya kanuni. Moja inatazama kama kichwa cha barua ni herufi kubwa tupu, nyingine kama ndani mmetajwa mamilioni ya dola, nyingine inaiuliza orodha nyeusi habari za seva iliyoituma. Kila kanuni iliyonasa inatoa alama zake, nyingi za desimali, na jumla ikifika 5 barua hupigwa muhuri wa taka. Hakuna kanuni inayotakiwa kuhukumu peke yake. Mpango huo una busara, lakini umewaachia mafundi ugonjwa mmoja mgumu kuupima: chujio likikosea, hakuna kinacholia. Seva haizimiki, ujumbe wa hitilafu hautokei. Barua ya mteja imepata 5.2, imelala kwenye folda ya taka, na mteja anachojua ni kwamba hajajibiwa.

Watu hudhani kazi kubwa hapa ni kubuni kanuni. Ukiifuata tarehe yenyewe utaona kubuni ni rahisi. Kinachosumbua ni kuistaafisha kanuni siku yake ikipita.

Agosti 2002 palitokea mtu aliyetaka kuachana na kanuni kabisa. Paul Graham aliandika makala akipendekeza mashine ijifunze yenyewe kwa hesabu ya uwezekano ya Bayes: uipe barua halali kwa maelfu na barua taka kwa maelfu, ihesabu kila neno limeonekana wapi mara ngapi, kisha barua mpya ipimwe kwa maneno yake 15 yanayoelemea zaidi upande mmoja au mwingine. Si yeye wa kwanza, maana watafiti walikwisha kuandika habari hiyo mwaka 1998, ila yeye ndiye aliyesikika. Aligundua kwamba alama ff0000, ambayo katika HTML ni rangi nyekundu iliyokoza, ilikuwa ushahidi mzito kama maneno ya ngono. Binadamu anayeandika kanuni asingeiwazia. Katika wiki chache tu Eric Raymond alikuwa ametoa chujio liitwalo bogofilter, na waandishi wa lugha ya Python, akiwamo Tim Peters, walikuwa wameanza SpamBayes. Hao wa SpamBayes ndio waliofanya kazi ya subira. Walipima kila wazo kwa barua halisi, wakatumia hesabu za Gary Robinson mahali pa zile za Graham, na wakaipa mashine jibu la tatu ambalo wengi hawakulifikiria: sijui. SpamAssassin nayo ikameza Bayes katika toleo 2.50 la mwaka 2003, ikaifanya kanuni miongoni mwa kanuni zake.

Mwaka huo wa 2003 ulikuwa wa misukosuko. Katika matoleo ya 2.5 zilikuwamo kanuni nyingi za kupunguza alama: barua ikionekana imeandikwa kwa programu kama Pine, au ikiwa na dalili za kuijibu barua nyingine, ilipewa nafuu. Kwa barua za nyuma zilizotumika kupima, kanuni hizo zilikuwa za kweli kabisa. Lakini msimbo ulikuwa wazi kwa wote, na watumaji taka nao wanajua kusoma. Wakaanza kubandika dalili zilezile kwenye barua zao, na wajenzi wakalazimika kuzifuta nyingi. Agosti, orodha nyeusi ya Osirusoft ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia hadi mwenyewe akaamua kuifunga. Aliifunga vibaya: orodha ikawa inamjibu kila anayeuliza kwamba ndiyo, anwani hiyo ni mbaya, hata ingekuwa anwani gani duniani. SpamAssassin ilikuwa na kanuni ya kuiuliza. Dawa ilikuwa kuingia kwenye faili la mipangilio na kuipa kanuni hiyo alama 0, kazi ya nusu dakika kwa aliyepata habari. Asiyepata aliendelea kuadhibu barua za watu wasio na hatia.

Cha ajabu zaidi ni habari ya Habeas. Kampuni hiyo ya Marekani ilikuja mwaka 2002 na hila ya kisheria: mtumaji mwenye kibali aliweka katika vichwa vya barua yake shairi fupi la mtindo wa haiku, na shairi hilo lililindwa kwa hakimiliki na alama ya biashara. Mtumaji taka akiliiba, anashtakiwa mahakamani. SpamAssassin ikaliamini shairi na kumpunguzia alama nyingi aliye nalo. Mwanzoni mwa 2004 watumaji taka wakaanza kulibandika bila wasiwasi, na barua zao zikapita mlangoni zikiwa na tikiti ya heshima. Wenye seva wakaizima kanuni kwa mikono yao. Sioni aibu kulicheka wazo hilo, ingawa nakiri lilikuwa la kuvutia: mlinzi anayetegemea woga wa mwizi kwa wakili.

Habari za umiliki nitazipita haraka. Kampuni ya Deersoft, iliyouza bidhaa zilizotokana na SpamAssassin, ilinunuliwa na Network Associates Januari 2003. Mradi wenyewe ulihamia kwa wakfu wa Apache, na toleo 3.0 likatoka Septemba 2004 chini ya leseni ya huko.

Turudi kwenye alama, maana hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Hazikisiwi. Wanaojitolea hutenga barua zao kwa mkono, halali huku na taka kule, wanaendesha kanuni zote juu yake kwenye mashine zao, kisha wanatuma matokeo tu. Barua hazitoki nyumbani, kwani nani atatoa barua zake za benki na za mke wake zikasomwe na wageni? Matokeo yakikusanywa yanatoa jedwali: kanuni imenasa asilimia ngapi ya taka, asilimia ngapi ya halali, na uwiano wake. Uwiano wa 1.000 maana yake imenasa taka tupu. Ukiwa 0.500 kanuni haina faida, sawa na kurusha sarafu. Kanuni changa hupewa jina linaloanza na T na mstari wa chini, pamoja na alama 0.01, ili itazamwe bila kumdhuru mtu. Baada ya hapo hesabu za kompyuta ndizo zinazogawa alama.

Sasa chukua kanuni iliyoitwa FH_DATE_PAST_20XX. Watumaji taka walikuwa na desturi ya kuandika tarehe ya mbele sana ili barua yao ikae juu kwenye kisanduku. Kanuni ilitazama mstari wa tarehe kutafuta 20, kisha tarakimu ya 1 hadi 9, kisha tarakimu yoyote. Yaani mwaka 2010 na kuendelea. Katika barua za 2006, 2007 au 2008, nani mwema angeandika 2010? Kipimo kisingeweza kuona kosa lolote, kwa sababu barua halali ya 2010 ilikuwa bado haijaandikwa. Kanuni ikafaulu, ikapewa hadi alama 3.6, ikaenda na matoleo yote kuanzia 3.2.0 hadi 3.2.5.

Januari 1, 2010 karibu kila barua duniani ikawa imetoka wakati ujao. Kwa barua yenye 3.6 kabla haijasomwa neno, zilibaki alama 1.4 tu kufika kwenye taka. Kinachouma ni kwamba kosa lilikuwa limeshaonekana. Katika tawi la wajenzi kanuni ilikuwa imekwisha kusahihishwa. Ila marekebisho hayakuwa yamepelekwa kwenye sasisho za toleo lililokuwa likitumika na watu. Yalitolewa Januari 1 hiyohiyo, na tangazo likawahimiza wenye seva waendeshe sa-update, amri ya kusasisha kanuni, bila kukawia. Na marekebisho yenyewe yalikuwa nini? Ile 1 iligeuzwa kuwa 2, kwa hiyo tatizo likasogezwa mpaka 2020. Toleo 3.3.0 lilitoka kabla Januari haijaisha.

Miaka iliyofuata ilipoa. Watoa huduma wakubwa wa barua pepe walihamishia uchujaji kwenye mitambo yao iliyofungwa, isiyosomwa na mtu wa nje. Upande wa huria Vsevolod Stakhov alijenga Rspamd kwa lugha za C na Lua, na wengi waliochoshwa na mwendo wa Perl, lugha ya SpamAssassin, wakahamia huko. SpamAssassin 4.0.0 ilitoka Desemba 2022, na kubwa lililofanywa ndani yake ni kushughulikia vizuri maandishi ya lugha zisizo za Kiingereza.

Kiswahili kimo humo tangu zamani, kwa herufi mbili: sw. Ipo programu-jalizi iitwayo TextCat, inayokisia lugha ya barua kwa kuhesabu vipande vya herufi. Haiwashwi mpaka mwenye seva aiwashe. Akiiwasha na kuorodhesha lugha anazozitaka, tuseme Kiingereza na Kijerumani, barua ya Kiswahili inaongezewa alama 2.8 kwa kuwa ya Kiswahili tu. Kwa upande mwingine, kanuni za kunasa ulaghai wa urithi na mamilioni zimetungwa kwa maneno ya Kiingereza. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", uliozoeleka kwenye simu za Tanzania, ukija kwa barua pepe hauna kanuni ya maneno itakayoutambua. Mwenye seva ya Dar es Salaam au Mombasa amebakiwa na Bayes, aifundishe mwenyewe kwa amri ya sa-learn, folda ya halali na folda ya taka. Inadai barua zisizopungua 200 za kila upande. Zikipungua, Bayes haitoi neno, na barua inahukumiwa kwa kanuni zilizobaki.