Programu hasidi, si virusi tu

Mafundi wa kompyuta wa Eldoret, kuanzia vibanda vya Mtaa wa Oginga Odinga hadi vyumba vya ghorofani kando ya Uganda Road, huletewa lalamiko moja: "Imeingia virusi." Kompyuta ikiwa nzito, ni virusi. Matangazo ya kamari yakijifungua yenyewe, ni virusi. Faili zikitoweka kwenye flashi, ni virusi hao hao. Pengine ni vumbi tu kwenye feni, au diski iliyochoka kwa uzee, lakini jina halibadiliki. Na kwa kuwa ugonjwa una jina moja, tiba nayo imekuwa moja.

"Mwalimu, hii tutafomati tu."

"Na vitu vyangu?"

"Ulikuwa umeweka bakapu?"

Hakuna aliyeweka bakapu. Mitihani ya muhula, picha za ruracio (sherehe ya mahari), hesabu za magunia ya mahindi za misimu kadhaa, vyote vinafutwa ili kumwondoa mgeni ambaye huenda angetolewa kwa nusu saa. Simlaumu fundi peke yake. Ameambiwa "virusi", naye anatibu alichoambiwa.

Kiswahili kina istilahi pana kuliko hiyo, nayo ni programu hasidi. Ukiweka simu au kivinjari chako kwa Kiswahili utakutana nayo kwenye maonyo. Maana yake ni programu yoyote iliyotungwa ili kumdhuru mwenye kifaa au kumtumia bila ridhaa yake. Virusi ni aina moja tu ndani ya kundi hilo.

Hata Kiingereza kilichelewa kupata jina la jumla. Mwaka 1983 Fred Cohen, mwanafunzi huko California, alionyesha programu iliyojipandikiza ndani ya programu nyingine na kuzaliana humo, na mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe virusi. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitunga Brain, virusi vya kwanza kuenea kwenye kompyuta za IBM na jamii yake, na ndani yake wakaandika majina yao, anwani na nambari za simu. Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris ukakwamisha maelfu ya mashine kwenye intaneti changa. Mnyoo haukuhitaji kupandikizwa popote, ulitambaa wenyewe kutoka mashine hadi mashine. Kufikia 1990 wadudu walikuwa wa namna nyingi mno, na mwaka huo Yisrael Radai akaandika neno "malware", ufupisho wa maneno mawili yenye maana ya programu yenye nia mbaya. Kiswahili kilipofika zamu yake hakikuwa na sababu ya kukata na kuunga vipande vya maneno. Kilikuwa na hasidi tangu zamani.

Kabla ya hasidi, hebu tumalizane na virusi, maana neno hili lina vituko vyake. Limeingia na silabi ya kwanza inayofanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, kwa hiyo wasemaji wakalitungia umoja: kirusi, virusi. Sarufi imeridhika kabisa, ila sasa sentensi kama "kompyuta yangu ina Kirusi" inaweza kuwa habari njema kwa anayetaka kujifunza lugha ya Moscow. Wengi hukwepa kwa kusema "virusi" hata kikiwa kimoja, na baadhi ya watu wa Bara husema "virusi imeingia", wakilihamishia neno ngeli nyingine. Mimi sioni dhambi hapo.

Jambo zito zaidi ni kwamba Eldoret ililijua neno virusi hospitalini kabla ya kulijua dukani. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na washirika wao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha AMPATH, mpango wa kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa mipango mikubwa ya aina yake Afrika. Kwa kizazi kizima cha Uasin Gishu, virusi ni kitu kinachoingia mwilini kisitoke, kinachodhibitiwa kwa dawa za kila siku. Nadhani picha hiyo ilihamia kwenye kompyuta bila mtu kukusudia. Ndiyo maana mteja huuliza kama virusi "vitaisha kabisa", na ndiyo maana kufomati, yaani kuuzika mwili na kuanza na mwingine, kunaonekana kuwa dawa pekee ya uhakika.

(Mji huo huo, niseme kwa kupita, umechangia programu njema inayotumika duniani: OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulikulia kwenye kazi hiyo hiyo ya AMPATH. Si kila kinachotoka Eldoret ni mbio na maziwa.)

Hasidi ni neno la Kiarabu lililozama Uswahilini. Ndugu zake ni husuda, kuhusudu na uhasidi. Asili yake ni mtu mwenye kijicho, asiyetaka mwenzake apate, na Sura ya al-Falaq hukamilika kwa kuomba hifadhi dhidi yake. Katika Kiswahili maana imepanuka hadi adui anayekudhuru kwa siri. Watu wa Eldoret wengi wanalijua kutoka kwenye mashairi ya shuleni, si kutoka vinywani mwa majirani, na hiyo ndiyo hoja ya wanaolipinga: wanasema ni neno la vitabu. Kuna pia wanaosema programu haina moyo, itamhusuduje mtu?

Hoja ya pili ndiyo inayonifanya nilipende. Programu haina moyo, lakini mtungaji wake anao, na istilahi hii inakataa kumsahau. Virusi huja kama mafua. Hasidi ametumwa, na aliyemtuma anataka kitu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao nayo inatazama hapo hapo: kosa ni kuingilia mfumo wa mtu kwa kukusudia na bila idhini. Kompyuta inayozima kwa sababu ya joto haina hasidi. Matangazo ya kamari yanayofunguka yenyewe yana mtu anayelipwa kila yanapofunguka. Ukimpelekea fundi neno hili, swali linalofuata lenyewe ni jipya: huyu anataka nini, na aliingilia wapi?

Kisarufi nalo halisumbui. Hasidi hapa halibadiliki: programu hasidi imeingia, programu hasidi zimeingia. Na neno kinga, ambalo tumeliunga kwenye kingavirusi, linalifaa zaidi hasidi kuliko linavyovifaa virusi, kwa kuwa watu walitafuta kinga ya hasidi kabla chanjo hazijafika pwani.

Sasa turudi kwenye flashi. Mwanafunzi anapeleka kazi yake saiba kuchapisha, anarudi nyumbani, anakuta kila folda imegeuka njia ya mkato, shotikati kama wanavyoita vijana, yenye jina lile lile. Akiibofya, folda inafunguka kama kawaida, ila kuna hati ndogo inayoamka kimyakimya nyuma yake na kujinakili kwenye kompyuta. Faili zake hazijafutwa. Zimepewa alama ya kufichwa na alama ya kuwa mali ya mfumo, basi Windows haizionyeshi. Zamani flashi ilijiendesha yenyewe ikichomekwa tu, mpaka Februari 2011, Microsoft ilipozima tabia hiyo kwenye Windows za zamani kwa sasisho. Baada ya mlango huo kufungwa, ujanja wa njia ya mkato uliwafaa zaidi hasidi, kwa sababu unategemea kidole cha mwenye flashi.

Dawa ya tatizo hili haifiki hata kwenye kufomati. Kwanza safisha kompyuta, kisha flashi. Ukianza na flashi itaambukizwa tena ukiichomeka. Zima intaneti. Windows za sasa zina kinga yao, Defender, yenye ukaguzi wa nje ya mfumo: mashine inajiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, kwa takriban robo saa, hasidi akiwa bado amelala. Baada ya hapo amri ya attrib inaondoa alama za kuficha na folda zinarudi. Fundi mwenye kujua hufanya haya ukisubiri. Muulize pia flashi anayotumia yeye imepita kwenye mashine ngapi leo.

Kuna hasidi anayeingizwa na fundi mwenyewe. Windows isiyolipiwa huhitaji kijiprogramu cha kuvunja leseni, na maelekezo yake huanza na sharti moja: zima Defender kwanza. Kingavirusi akikipigia kelele kijiprogramu hicho, unaambiwa ni kelele za bure. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ndani yake amejificha mwizi wa nywila, na mtu anafomati kompyuta mara kwa mara bila kupona, kwa kuwa kila usakinishaji unamrudisha hasidi yule yule. Nywila za benki, iTax na eCitizen zilizowahi kuandikwa kwenye mashine hiyo zibadilishwe kutoka kifaa kingine, maana kufomati hakuzirudishi zilizokwishaibwa.

Kuvunja leseni huko ndiko kulikompa njia hasidi mkali kuliko wote, yule anayefunga faili kwa msimbo na kudai pesa. Jina lake la Kiswahili bado halijatulia. Baadhi huandika "programu ya fidia". Huku kwetu fidia ina kumbukumbu nyingine: ni malipo yaliyosubiriwa na waliofurushwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, haki ya mwathiriwa, wala si madai ya mhalifu. Nashikilia kikombozi, kinacholipwa ili mateka aachiliwe. Programu ya kikombozi basi, na mateka ni faili zako, zilizofungwa humo humo nyumbani mwako.

Iliyowasumbua zaidi watu wa majumbani ni STOP, iliyoanza kuenea 2018, mara nyingi ndani ya programu zilizovunjwa leseni. Iliacha barua iliyodai dola 980, au 490 kwa atakayewasiliana ndani ya saa 72. Ilipoweza kufikia seva ya watungaji wake ilichukua ufunguo wa mtu mmoja mmoja. Iliposhindwa, tuseme bando limeisha, ilitumia ufunguo uliokuwa umebebwa ndani yake, mmoja kwa waathiriwa wengi, na ufunguo wa namna hiyo unaweza kupatikana. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure programu ya kufungua aina 148 za STOP. Waliokuwa wameziweka kando faili zao zilizofungwa, bila kulipa na bila kufuta, walikuwa na cha kujaribu kufungua. Waliofomatiwa hawakuwa nacho.