Waziri Majivuno na Hofu ya Sheria

Tunaposomeshwa Kusadikika ya Shaaban Robert, macho yote huelekezwa kwa Karama. Yeye ndiye shujaa, yeye ndiye mtetezi, naye Waziri Majivuno hubaki jina la sifa mbaya, la kupigiwa mstari na kupita. Nadhani tumemwonea waziri huyu. Si kwamba ni mwema, la hasha, ila yeye ndiye anayetuingiza katika historia.

Hebu tumtazame barazani. Ni mkubwa wa nchi iliyo angani. Uwezo wake wote umo katika kusikilizwa na mfalme bila mpinzani. Ndiyo maana kosa analomshitakia Karama si wizi wala uasi wa silaha, bali kufundisha elimu ya sheria. Raia akishajua kujitetea, mbele ya mfalme kutakuwa na sauti mbili. Hapo waziri atakula wapi?

Wako wanaomsoma Majivuno kama Mwingereza aliyevalishwa joho. Mimi siafiki. Mwingereza wa Tanganyika hakuhitaji kumbembeleza mfalme. Alikuwa na Gavana wake. Majivuno anafanana zaidi na wakubwa wa kienyeji waliotiwa nguvu na utawala wa kupitia machifu, ambao Gavana Donald Cameron aliuanzisha kwa sheria ya 1926. Mwaka 1929 ikaja sheria ya mahakama za wenyeji. Mahakama hizo zikaondolewa chini ya Mahakama Kuu na kukabidhiwa kwa watawala. Aliyeshindwa alikata rufaa kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mawakili? Marufuku! Yaani mtawala, hakimu na msikilizaji wa rufaa walikuwa ukoo mmoja.

Shaaban Robert hakuyasikia haya kwa mbali. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926, na kitabu kilipotoka mwaka 1951 alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya wilaya mjini Tanga. Mtu wa aina hiyo anajua jinsi neno la mkubwa linavyogeuka kuwa kweli likishaandikwa.

Basi angalia utetezi wa Karama. Anawasimulia wajumbe sita, Buruhani na wenzake, waliotumwa pande nne za dunia, juu na chini, wakarudi na maarifa yenye faida, kisha wakatupwa gerezani. Kwa maneno mengine, anasoma jalada la baraza mbele ya baraza lenyewe. Majivuno hana jibu kwa sababu ushahidi umetoka kabatini mwake.

Wahakiki wa mrengo wa kushoto wamelalamika, tena kwa haki, kwamba ukombozi unatoka kinywani mwa mfalme na si kwa umma. Lakini jamani, mwandishi angeupeleka wapi? Ngazi ya rufaa aliyoijua ilikuwa inaishia kwa mtu mmoja. Udhaifu huo wa riwaya ndio uaminifu wake kwa wakati wake.

Na kiti cha Majivuno hakikuondoka na bendera ya Mwingereza. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliendelea kuwazuia mawakili katika Mahakama za Mwanzo za Tanzania, na ni marekebisho ya 2021 yaliyoanza kuwaruhusu, tena pale tu panapokaa hakimu mkazi.