Njia ya Wakimbiaji Kando ya Seine

Mtu akimbiaye polepole alfajiri kando ya mto Seine, mjini Paris, hukanyaga lami iliyo sawa, isiyo na mwinuko wa kumchosha. Walakini usawa huo haukufanywa kwa ajili ya miguu yake. Mwaka 1967 Georges Pompidou, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa, aliifungua barabara hiyo ili motokaa zivuke mji upesi. Wavuvi na waenda kwa miguu wakaondoka ukingoni.

Tangu mwaka 2002 barabara ilifungwa kwa muda kila kiangazi, na mwaka 2016 kilomita 3.3 za ukingo wa kuume zilifungwa daima. Wapinzani wakashtaki. Februari 2018 mahakama iliitangua amri hiyo, kwa kuwa uchunguzi wa athari zake ulikuwa na kasoro. Mwezi uliofuata Meya Anne Hidalgo alitoa amri nyingine, akitaja kingo hizo kuwa urithi wa dunia tangu 1991. Oktoba mahakama ikaikubali.

Basi waliomfukuza mwenda kwa miguu ndio waliomsawazishia njia, pasipo kukusudia.