Uimara wa Magari na Ufundi wa Gerezani

Wazee wetu walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo wahusu nyumba, lakini historia ya magari jijini Dar es Salaam yauthibitisha vilevile. Watu hubishana mara kwa mara: gari la nchi gani hudumu zaidi? Swali hilo halijibiki kwa kukitazama chuma peke yake.

Katika miaka ya 1960, Land Rover ya Uingereza na Peugeot 404 ya Ufaransa zilipata sifa kubwa katika barabara zetu za vumbi na matope. Peugeot ilishinda mashindano ya magari ya Safari, yaliyofanyika Afrika Mashariki, mwaka 1966, 1967 na 1968. Datsun ya Japani ikashinda mwaka 1970, 1971 na 1973. Lakini ushindi wa siku chache si kipimo cha miaka ishirini ya kubeba abiria na mizigo.

Kipimo hicho kililifika Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoundwa mwaka 1974. Miongoni mwa mabasi yake yalikuwamo ya Ikarus kutoka Hungaria. Bei ya mafuta ilipopanda, na baada ya vita vya Kagera vya 1978–79, fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri navyo vikaadimika. Basi zima liliweza kulazwa kwa kukosa kifaa kidogo tu, huku wafanyakazi na wanafunzi wakisongamana vituoni. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu daladala za watu binafsi kusaidia.

Katika dhiki hiyo, mafundi wa Gerezani na Kariakoo walikuwa nguzo. Walichomea chesisi zilizopasuka, wakachonga vyuma, wakavua vifaa vya magari mabovu ili kuyafufua mengine. Biashara ilipolegezwa tangu mwaka 1984, magari ya Japani yaliyokwisha kutumika yaliongezeka. Usukani wake u kulia, kama sheria yetu ya barabarani ipendavyo. Kadiri yalivyoongezeka, ndivyo vipuri vyake vilivyojaa madukani, na ndivyo mafundi walivyoyazoea.

Basi, uimara wa gari huanzia kiwandani, lakini hukamilishwa na fundi na duka la vipuri. Taifa linaponunua mtambo wowote, halina budi kujiuliza kwanza: ukiharibika, nani miongoni mwetu atautengeneza, na kwa kifaa gani?